Herufi hewa za Kiingereza

Jumatano jioni mpwa wangu aliniletea daftari la Kiingereza nilitie saini. Yuko darasa la tano, na mwalimu wao ana utaratibu wake: imla ikishasahihishwa, mzazi au mlezi ayaone makosa kwa macho yake na asaini chini ya ukurasa. Alipata saba kwa kumi. Makosa matatu yalizungushiwa kalamu nyekundu: "nife", "nee" na "iland". Pembeni mwalimu aliandika yalivyotakiwa kuwa, "knife", "knee" na "island", pamoja na amri ya kuyarudia mara ishirini kila moja.

"Mjomba, hii K inafanya kazi gani hapa mbele?"

Nikamwambia haifanyi kazi yoyote.

"Sasa kama haifanyi kazi, mbona ipo?"

Swali la haki. Mimi nilipokuwa na umri wake kosa langu lilikuwa la upande wa pili. Nilisimamishwa nisome kwa sauti, nikafika penye "knife", nikalisoma lote kama lilivyoandikwa, bila kubakiza herufi: kinife. Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, na jina la Kinife nikatembea nalo hadi tunafanya mtihani wa la saba. Mtoto huyu kaandika anavyosikia, kakosa. Mimi nilisoma nilivyoona, nikakosa. Lugha ya namna gani hii isiyokubali sikio wala jicho?

Nchini kwetu tuna jina la mtu wa aina ya K hiyo. Ni mfanyakazi hewa: jina limo kwenye orodha ya mishahara, mshahara unatoka kila mwezi, ofisini hajawahi kuonekana. Kiingereza kimejaa herufi za namna hiyo. Lakini ukikaa ukafanya uhakiki wa kweli, faili moja baada ya jingine, unakuta wengi wa watuhumiwa si hewa hata kidogo. Ni wastaafu. Walifanya kazi, tena ngumu, kwa mamia ya miaka, na kinachomsumbua mpwa wangu kwenye daftari ni pensheni yao. Hewa wenyewe ni wachache, na walioingizwa kwenye orodha hawakuingizwa na wajinga. Waliingizwa na wasomi.

Tuanze na wastaafu.

Lugha tunayoiita Kiingereza ililetwa Uingereza na wahamiaji. Majeshi ya Roma yalipoondoka kisiwani mwanzoni mwa karne ya 5, makabila ya Waanglo, Wasaksoni na Wajuti yalivuka bahari kutoka pwani ambazo leo ni za Denmark, Ujerumani na Uholanzi. Mtawa Bede, aliyekamilisha kitabu chake cha historia mwaka 731, anautaja mwaka 449 kuwa ndio mwanzo wa ujio wao. Wenyeji waliowakuta walizungumza lugha za Kikelti, na wahamiaji wakawaita kwa neno lao lililomaanisha wageni. Ndilo lililozaa jina Welsh. Mwenye nyumba akaitwa mgeni, na jina likamganda hadi leo.

Mwaka 597 wamisionari waliotumwa na Papa Gregory walifika Kent na alfabeti ya Kilatini. Watawa walipoanza kuandika maneno ya watu wa hapo, waliandika kama tunavyoandika Kiswahili: unachosikia ndicho unachokiweka. Sauti ambayo Kilatini hakikuwa na herufi yake, kama "th" ya "thelathini", waliitafutia herufi katika maandishi ya zamani ya makabila hayo, þ, ambayo jina lake ni thorn. Hakuna herufi iliyokaa bure. Neno ambalo leo ni "knight" liliandikwa "cniht", na kila kilichoandikwa kilisikika: K, kisha N, kisha ile H iliyokwaruzwa kooni kama watu wa pwani wanavyotamka "kh" ya "Alkhamisi". Goti lilikuwa "cneow", na K yake ilikuwa hai.

Kisu kina safari yake. Jina lake lililetwa na Waviking. Mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakapora na kuua. Katika karne iliyofuata walirudi kwa majeshi, wakashindwa na Mfalme Alfred mwaka 878, lakini hawakuondoka. Walikaa, wakalima, wakaoa. Ndoa hizo ziliingiza maneno mengi ya nyumbani kuliko ya vitani: yai, kisu, dirisha, anga, ngozi, hata "they", "them" na "their". Kukopa jina la kitu ni jambo la kila siku, ila lugha kukopa "wao" kutoka kwa jirani ni dalili kwamba watu walilala nyumba moja. Leo ukienda Denmark au Sweden ukaomba kisu, utaomba "kniv", na K yake utaisikia bila kutega sikio. Wajerumani nao wanaitamka K ya goti, "Knie". Ni Waingereza peke yao katika ukoo huo walioipumzisha, kwenye karne ya 17. Kwa hiyo kinife changu cha darasani kilikuwa na kasoro ya irabu moja mbili. K niliitamka inavyopaswa, ila nilichelewa.

Mwaka 1066, William wa Normandy alishinda vita vya Hastings, na kwa takriban miaka 300 iliyofuata watawala wa Uingereza walizungumza Kifaransa. Kiingereza kikawa lugha ya mchunga ng'ombe na mpika uji. Habari ya mnyama kuwa "cow" zizini kwa mtwana na "beef" mezani kwa bwana imesimuliwa mno. Walter Scott aliiingiza kwenye riwaya yake Ivanhoe, na tangu hapo kila anayeandika kuhusu Kiingereza huirudia. Mimi nawatazama zaidi makarani.

Karani aliyefunzwa Kifaransa na Kilatini akipewa Kiingereza akiandike, anakivisha nguo anazozijua. "Cwen", malkia, ikawa "queen", kwa sababu kwao sauti hiyo ilivaa Q na U. "Hus", nyumba, iliyotamkwa kwa "uu" ya "mguu", ikawa "hous", kwa kuwa Wafaransa huandika sauti hiyo kwa OU. Kisha ikaja shida ya kalamu. Katika mwandiko wa wakati ule herufi i, u, v, n na m zote zilikuwa vijiti vilivyosimama wima. U ikikaa karibu na N au M au V, msomaji anaona ua wa fito, hajui pa kukata. Karani akaona aepushe macho: badala ya U akaweka O. Ndiyo maana mwana, aliyekuwa "sunu", akawa "son". Ndiyo maana "love" na "come" zina O ambayo haikutokana na mdomo wa mtu yeyote. Ilitokana na uchovu wa macho.

Kiingereza kilirudi mezani taratibu. Normandy yenyewe ilimponyoka Mfalme John mwaka 1204, na watoto wa mabwana wakawa hawana tena kwao ng'ambo. Tauni ya mwaka 1348 iliua labda theluthi hadi nusu ya watu, na vibarua waliobaki, ambao lugha yao ilikuwa Kiingereza, wakapanda bei. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi mahakamani zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa wananchi hawakielewi. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Sisi tuliozoea kusoma hati za mahakama kwa lugha ya watu wengine hatuna sababu ya kushangaa.

Hapo ndipo anapoingia Geoffrey Chaucer. Wanafunzi wa fasihi wanamjua kwa Hadithi za Canterbury. Mimi napenda kukumbuka kwamba alikuwa mtu wa forodha: kuanzia mwaka 1374, kwa miaka kama kumi na miwili, alisimamia hesabu za ushuru wa sufu na ngozi katika bandari ya London. Alifariki mwaka 1400. Na Kiingereza chake, hiki nakiomba msomaji ukisikilize, kilisomeka karibu sana na Kiswahili.

Chukua "name". Chaucer hakusema "neimu". Alisema "na-me", A ikiwa ya "saa", na E ya mwisho ikisikika. "Time" ilikuwa "ti-me", I ikiwa ya "tii". "Feet" ilitamkwa na EE ya "pekee". "Moon" ilitamkwa na OO ya "choo". Mtoto wa Nachingwea au wa Kitui anayeanza Kiingereza akiwa na macho ya Kiswahili, anayesoma "name" kama inavyoonekana, anachekwa leo, lakini afisa huyo wa ushuru angemwelewa na pengine kumuuliza katokea mkoa gani.

Nini kilitokea baada ya Chaucer? Irabu ndefu zilihama. Zilianza safari kwenye karne ya 15 na kuifunga kwenye ya 17 hivi, na Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, ndiye aliyelipa jambo hilo jina mwanzoni mwa karne ya 20: mhamo mkuu wa irabu. Zilipanda mdomoni kama watu wanavyopanda ngazi. Ya "pekee" ikapanda ikawa ya "tii". Ya "choo" ikapanda ikawa ya "mguu". Zile mbili zilizokuwa tayari juu, "ii" na "uu", zikakosa ngazi ya kupanda, zikavunjika: "ii" ikawa "ai", "uu" ikawa "au". Hivyo "ti-me" ikawa "taimu", na "huus" ikawa "hausi". Na "aa" ya "na-me", iliyokuwa chini kabisa, ikapanda hadi "ei". Kwa nini ilitokea, wataalamu wanabishana. Wapo wanaotaja tauni na wimbi la watu waliokimbilia London na lafudhi zao, kila mmoja akimwiga mwenzake.

Hasara ya tahajia ni kwamba wakati nyumba inahama, kibao cha mlangoni kilikuwa kimeshapigwa misumari. Aliyepiga misumari hiyo anaitwa William Caxton.

Caxton alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeishi miaka mingi Bruges, katika Ubelgiji ya leo, akajifunza uchapaji Cologne, Ujerumani, na mwaka 1476 akafungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, jirani na kanisa kuu la Westminster. Mchapaji ana tatizo ambalo msimulizi hana: lazima achague. Mwaka 1490, katika dibaji ya kitabu alichokitafsiri, Caxton alieleza kisa kimoja ambacho kwangu kinatosha kuwa historia nzima ya lugha hiyo. Wafanyabiashara walikuwa wanashuka mto Thames kuelekea Zeeland, upepo ukakata, wakatia nanga pwani na kwenda kutafuta chakula. Mmoja, jina lake Sheffield, akamwendea mama mwenye nyumba akaomba "egges". Yule mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Jamaa akapandwa na hasira, maana hata yeye Kifaransa hakijui. Mayai ndiyo anataka, na hapati. Mwenzake akaingilia kati, akasema wanataka "eyren". Hapo mama akasema amemwelewa vizuri.

Wote wawili walikuwa Waingereza. "Egges" ni yai la Waviking lililoshuka kutoka kaskazini. "Eyren" ni yai la zamani la kusini. Ni kama mtu wa bara anayeomba nyanya Unguja kwa mama anayezijua kwa jina la tungule, ila mama yetu wa Unguja angecheka tu na kumpimia. Caxton alilalamika kwamba haijulikani mtu aandike lipi kati ya hayo mawili. Tunajua lililoshinda, na neno la kusini limefukiwa.

Mafundi wa kupanga herufi waliokuja na teknolojia hiyo wengi walitokea ng'ambo, nao hawakuja mikono mitupu. Mzimu kwa Kiingereza ulikuwa "gost", bila H. Kwa Kiflemi uliandikwa kwa GH, na inaelekea H hiyo iliingia kwa mikono ya Caxton na mafundi wake waliozoea vitabu vya Bruges. Maneno mengine kadhaa yalivishwa H hiyo hiyo kisha yakaivua. Mzimu umebaki nayo. H katika "ghost" si mstaafu. Ni ndugu wa bosi aliyeletwa na kupewa meza. Thorn, ile herufi ya "th", ilipata mkosi wa kinyume: mitambo ya ng'ambo haikuwa na chuma chake, wachapaji wakaweka Y iliyofanana nayo, na hatimaye ikafukuzwa kabisa. Vibao vya "Ye Olde" kwenye baa za London vinavyopigwa picha na watalii ni kaburi lake. Haikuwa "ye" kamwe. Ilikuwa "the".

Sasa tufike kwa hewa wa kweli.

Karne ya 15 na ya 16 wasomi wa Uingereza walilewa Kilatini. Kila neno walilitafutia ukoo Roma, na lililoonekana kama mtoto wa mtaani wakalipa cheti cha kuzaliwa. Deni lilikuwa "dette", lililochukuliwa kutoka Kifaransa, halina B na hakuna Mwingereza aliyewahi kutamka B ndani yake. Wasomi wakakumbuka kwamba Kilatini kilisema "debitum", wakachomeka B: "debt". Shaka, "doute", nayo ikapewa B ya "dubitare". Risiti ikapewa P. Kisiwa kilikuwa "iland", neno la Kiingereza asilia lisilohusiana na Roma kwa mbali wala karibu. Wakalifananisha na "isle" ya Kifaransa, wakalitia S. Hiyo ndiyo S iliyomnyima mpwa wangu alama moja. Yeye aliandika "iland", kama Waingereza wenyewe walivyoandika kabla wasomi hawajaingilia kati.

Ninayempenda kuliko wote ni L ya "could". L ya "would" na ya "should" ni wastaafu halali, zilitamkwa zamani. Lakini "could" ilikuwa "coude". Haikuwa na L katika maisha yake yote. Ilikaa karibu na wenzake wawili wenye L, watu wakaona nayo iwe nayo, na tangu hapo inalipwa.

Shakespeare aliliona jambo hili akalitania. Katika tamthilia yake ya Love's Labour's Lost, iliyochapwa mwaka 1598, yumo mwalimu Holofernes, mtu wa kujidai, anayechukizwa na watu wanaotamka "doubt" na "debt" bila kusikilizisha B. Watazamaji walikwenda kucheka. Mwalimu anataka herufi iliyochomekwa vitabuni juzi itamkwe kana kwamba imeshuka na Musa mlimani. Na Shakespeare mwenyewe, katika saini zake sita zilizobaki, jina lake hakuliandika kwa namna moja.

Aliyefunga hesabu ni Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755 akiwa na wasaidizi sita tu. Aliahidi miaka mitatu, ikawa karibu tisa, na alipomaliza kulikuwa na maneno yapatayo 42,000 ambayo kila mwenye duka la vitabu aliyatazama kuwa ndiyo sheria. Johnson hakuwa mtu wa kufukuza herufi, alikuta, akasajili. Hakuwa na msimamo mmoja pia. "Receipt" aliiachia P yake, "deceit" iliyotoka ukoo huo huo wa Kilatini akaiacha bila P. Watoto wa dunia nzima wanazikariri zote mbili kwa sababu ya asubuhi fulani mezani kwa mtu mmoja.

Waliojaribu kusafisha orodha walipata kidogo. Noah Webster, katika kamusi yake ya Marekani ya mwaka 1828, alifanikiwa kuiondoa U ya "colour", lakini alipopendekeza ulimi uandikwe "tung" na wanawake "wimmen", wenzake walimkatalia. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliiamuru idara ya uchapaji ya serikali yake itumie tahajia rahisi za maneno 300. Magazeti yakamfanya kichekesho, Bunge likakataa kabla ya mwaka kwisha. Na hata wangekubali, tahajia ingefuata mdomo wa nani? Mtu wa Glasgow bado anaikwaruza GH ya "night" akiongea Kiskoti. Mmarekani anaitamka R ambayo mtu wa London anaimeza. Mnigeria ana yake, Mhindi ana yake. Ukiandika anavyotamka mmoja, umewaongezea wengine wote herufi hewa mpya.

Kiswahili kilizifanyia herufi hizi uhakiki bila tume yoyote. Maneno ya Kiingereza yalipoingia kwetu mengi yalipitia sikioni, si machoni, na sikio halimlipi asiyesikika. "Cupboard" lilishuka bandarini na P yake, tukaandika kabati. "Chalk" lilikuwa na L, chaki haina. "Plough", lenye GH iliyostaafu tangu enzi, wakulima wetu wanalikokota kwa ng'ombe kama plau. Kampeni imeacha G nyuma, jaji ameacha D, na risiti haina ile P ya wasomi. Chaucer, mtu wa forodha, angeigongea mihuri mizigo hiyo yote bila kuuliza swali.

Lakini tusijisifu sana. Tahajia yetu inasomeka kwa sababu ni changa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Hizi za Kirumi zilishika katika karne ya 19, na usanifishaji ulianza rasmi na kamati ya lugha ya mwaka 1930, ikifuata lahaja ya Unguja. Hata karne moja haijatimia. Na tayari kuna dalili. Kaa sokoni bara usikilize watu wangapi wanatamka GH ya "gharama", "ghali" na "ghorofa". Wengi wanasema garama, gali, gorofa. Neno "lugha" lenyewe, utalisikia "luga" hata kwa watu wanaofundisha lugha. GH ya Kiingereza ilianza kuugua namna hiyo hiyo. Mjukuu wa mpwa wangu huenda akaja kuuliza H hii katikati ya "lugha" inafanya kazi gani, na atakayemjibu atalazimika kusema: iliwahi kufanya, pwani.

Mimi sidai Waingereza wazifute. G ya "sign" inaonekana imekaa bure, lakini ukisema "signature" inaamka na kufanya kazi. Hiyo si hewa, ni kibarua wa siku. K ya "knee" inamwambia Mjerumani kwamba hapa kuna ndugu. Hata B ya "debt", ambayo kwa haki ingeshtakiwa, imekaa miaka mingi kiasi kwamba kuiondoa ni kumsumbua kila mwenye madeni duniani. Ninachodai ni kidogo zaidi. Somo la Kiingereza lina vipindi vya kutosha kumsimulia mtoto habari ya K dakika tano, badala ya kumwandikisha mara ishirini.

Nilisaini daftari. Mpwa wangu alirudia "knife" mara ishirini kama alivyoagizwa, akiitamka K kila mara kwa sauti, makusudi, huku akinitazama.

Mwalimu wa Kiingereza unayesoma haya leo, kesho ukiingia darasani na mtoto akasoma "name" kama "na-me", msahihishe, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Ila darasa likitaka kucheka, waambie kwanza kwamba mwandishi mkuu wa Kiingereza wa karne ya 14 alilitamka hivyo hivyo.